Maungio ya Safari ya Quito

Hakuna ndege ya abiria inayoondoka Nairobi ikatua moja kwa moja katika mji mkuu wowote wa Amerika Kusini. Anayekwenda Quito, Bogotá au Buenos Aires lazima abadilishe ndege mahali fulani, na hapo anapobadilisha ndipo ufundi wa mkata tiketi unapopimwa.

Huyu ninayemsifu ana ofisi Kawangware, karibu na steji ya 46: chumba kimoja, meza, kompyuta, mashine ya kuchapa na viti viwili vya wateja. Siku nyingi kazi yake ni tiketi za Mombasa na Kisumu, na za vijana wanaokwenda kazini Ghuba. Mara mojamoja huja kazi ya namna nyingine: safari ndefu ya daraja la biashara, iliyolipiwa na waandaaji wa mkutano ng'ambo. Kwetu hilo si ajabu. UN-Habitat ina makao yake makuu Gigiri, na mkutano mkuu wa dunia wa miji na makazi, Habitat III, ulifanyika Quito Oktoba 2016. Mazungumzo ya makazi duniani hayawezi kukamilika bila watu wa Kibera, na watu hao lazima wafike.

Safari niliyoketi kuitazama ikipangwa ilikuwa ya Quito, ya mama mmoja wa Makina, Kibera, kiongozi wa kikundi cha akiba, mwenye goti linalomsumbua. Kwa ajili ya goti hilo waandaaji walikubali kumlipia kiti kinacholala. Nilitarajia kompyuta ifunguliwe mara moja. Haikufunguliwa. Yalianza maswali. Mama, pasipoti yako inaisha lini? Majina yameandikwa vipi humo, herufi kwa herufi? Presha je? Goti lipi, la kulia au la kushoto?

"La kulia, mwanangu," mama akajibu, "lakini ndege inataka kujua hilo kwa nini?"

"Ndege haitaki, mama. Ninataka mimi."

Baadaye nilielewa. Dreamliner za Kenya Airways zina viti 30 vya daraja la biashara, vimepangwa viwili viwili kwa safu. Aliye dirishani, jirani yake akishalala, hana budi kuivuka miguu ya mwenzake ili aende msalani. Mama alipewa kiti cha kando ya njia, upande ambao mguu wake wa kulia ungepata pa kunyooka. Sidhani kuna aliyemwambia afanye hivyo, na bei ya tiketi haikubadilika hata shilingi.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilivutia macho: tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways huruka moja kwa moja hadi New York, na kutoka huko kushuka Amerika Kusini ni rahisi. Lakini Marekani humtaka abiria kama huyu awe na viza hata akiwa anabadilisha ndege tu. Mama hakuwa nayo. Njia ikafutwa papo hapo, kabla ya kutazama bei. Ya pili ni ya Addis Ababa: saa mbili hivi hadi huko, kisha Ethiopian huvuka Atlantiki hadi São Paulo. Kwa mtu wa Buenos Aires angeichagua bila kusita, kwa kuwa ndege hiyo huendelea hadi kule. Lakini Quito iko upande wa pili wa bara. Ingebidi mama ashuke São Paulo, atafute ndege ya shirika lingine, kisha arudi kaskazini-magharibi juu ya Amazon. Ya tatu hupitia Amsterdam. Kwenye ramani inaonekana kama kuzunguka, maana unapanda hadi Ulaya ndipo ugeuke. Ila ina ungio moja tu: saa nane na zaidi kwa Kenya Airways hadi Amsterdam, kusubiri, kisha KLM hadi Quito, karibu saa kumi na mbili.

Akachagua hiyo. Kama fundi wa mabomba, macho yake hayako kwenye bomba; yako pale linapoungana na lingine, kwa sababu ndipo maji yanapovujia.

Ungio lenyewe alilishughulikia kwa subira iliyonishangaza. Kompyuta ilikubali muda mfupi wa kubadilisha ndege, yeye akakataa. Kwa goti lile aliomba kiti cha magurudumu na akataka saa za kutosha. Zaidi ya yote, alisisitiza safari yote iwe tiketi moja. Tarakimu 13, tatu za mwanzo 074, yaani KLM. Tiketi ikiwa moja, begi hupokelewa Nairobi na kuonekana tena Quito, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kumtafutia mama nyingine. Tiketi mbili za bei nafuu zingemwachia mama mzigo wote huo peke yake, katika uwanja asioujua.

Kisha zikaja herufi. J, C, D, Z: kiti ni kilekile, chakula ni kilekile, lakini kila herufi ina bei yake na masharti yake. Masharti hayo yameandikwa kwa herufi kubwa tupu, mstari baada ya mstari, na aliyasoma yote, midomo ikicheza. Aliacha ya bei ya chini kabisa, akachukua inayoruhusu kubadili tarehe ya kurudi, kwa kuwa mikutano ya namna hii huongezwa siku.

Quito iko mita 2,850 hivi juu ya bahari, zaidi ya kilomita moja juu ya Nairobi. Hata sisi wa nyanda za juu pumzi hutupungua. Basi akampangia mama afike siku mbili kabla, ya kwanza isiwe na kikao chochote. Akakagua kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ilikuwa ya zamani na imeandikwa miaka kumi, akamtuliza: tangu Julai 2016 chanjo hiyo hukubalika maisha yote, hata kwa kadi za awali.

Karatasi aliyomchapia ilinifurahisha kuliko yote. Kando ya kila saa ya kimataifa ameandika kwa kalamu saa yetu: 23:59, saa sita usiku kasoro dakika moja, usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Watu wamekosa ndege kwa kuchanganya hesabu hizo mbili. Na mstari wa kwanza hauanzi uwanja wa ndege. Unaanza Makina: mpwa abebe begi hadi Kibera Drive, kwa kuwa mvua ikinyesha magurudumu hayafai kitu kwenye vichochoro, teksi ingoje hapo, ipite Southern Bypass hadi Mombasa Road. Bodaboda hapana, kwa ajili ya goti.

Mashirika mengi ya ndege yamepunguza au kufuta komisheni ya mawakala, hivyo kwa kazi yote hii anapata ada ndogo anayotoza mwenyewe. Ninaona ni kidogo mno, na nilimwambia.

Siku hizi anamfundisha binti wa Gatina. Zoezi alilompa ni kumpangia abiria wa La Paz, ambako uwanja wa El Alto uko zaidi ya mita 4,000. Binti alileta ratiba safi, nafuu, inayopitia Miami. Mwalimu wake aliisoma hadi mwisho, akaandika pembeni neno moja, "Viza?", akamrudishia. Binti akavuta kiti, akaanza upya.