Kiondo Hukaguliwa Kuanzia Kitako

Ukifika soko la Kariokor jijini Nairobi, au ukisimama mbele ya meza za Maasai Market, muuzaji atakuonyesha kiondo kwa upande wa mbele: nakshi, rangi, ngozi inayong'aa, pengine na shanga kidogo. Mnunuzi anayeijua kazi hukipokea, hukipindua na kutazama kitako kwanza. Mbele ndiko kila muuzaji anakojitahidi; kitako husema kazi ilianzaje.

Mwongozo huu ni wa wanaonunua viondo vya mtindo, vile vilivyotiwa mikanda ya ngozi, bitana na zipu vikawa mikoba ya mjini. Ni wa kijana anayetaka kuanza biashara ya kubuni mikoba pia, maana mbunifu asiyejua kukagua ataletewa kila takataka na atailipia. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kiondo cha mtindo kina kazi mbili. Kuna kazi ya msusi, aliyesokota uzi na kusuka chombo. Kuna na kazi ya mbunifu pamoja na fundi wake wa ngozi, waliokifanya mkoba. Zikague mbalimbali, kwa sababu kazi moja nzuri hutumiwa mara nyingi kufunika nyingine mbovu.

Chombo cha mzigo

Kiondo ni kazi ya mikono ya wanawake wa Kikamba na Kikikuyu. Zamani nyuzi zake zilitoka kwenye magome: Ukambani mbuyu ulitumika sana, na kwa Wakikuyu vichaka vya porini. Mkonge ni mgeni katika ukanda wetu. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, aliuingiza Tanganyika mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Baadaye ulienea hadi Kenya, na kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu na ngumu, ukachukua nafasi ya magome.

Mama wa Kikikuyu alibeba kiondo mgongoni, mkanda wa ngozi uitwao mukwa ukipita kwenye paji la uso. Ndani mlikuwa na mahindi, viazi vitamu au maharagwe, mzigo wa kupandisha mlima. Chombo kilisukwa kistahimili uzito huo. Miaka ya 1970 na 1980 kilipovuka bahari kwenda kutundikwa mabegani mwa wanawake wa Ulaya na Marekani, kazi yake ilipungua, lakini kipimo chake hakikupaswa kubadilika. Kiondo kisichoweza kubeba kilo chache za viazi bila kuharibika umbo ni pambo, na pambo lina bei yake.

Kitako

Usuki huanzia katikati ya kitako, ambapo nyuzi chache za wima hupishana. Duara linapopanuka, msusi huchomeka nyuzi nyingine za wima ili nafasi isiachwe wazi. Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Tazama kwa karibu utafute mahali nyuzi mpya zilipoingizwa. Kwa msusi hodari zimegawanywa sawasawa kuzunguka duara, na ncha zake zimemezwa ndani ya usuki. Kwa msusi mwenye haraka zimerundikwa upande mmoja, na kitako kinainuka kama mkate ulioumuka vibaya.

Kisha sukuma katikati kwa kidole gumba. Pasifunguke tundu. Kiinue kwenye mwanga: mwanga ukipenya, upenye kwa usawa pande zote. Mwisho kiweke mezani kikiwa tupu. Kiondo cha kitako bapa kisimame bila kuyumba. Kile cha kitako cha mviringo, cha mtindo wa zamani, kitalala, na hilo si kasoro.

Uzi

Ubora wa kiondo huamuliwa kabla usuki haujaanza. Jani la mkonge hukwanguliwa nyama yake, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa, kisha zikasokotwa juu ya paja kwa kiganja, mbili mbili. Uzi wa paja una uhai fulani: unene wake unatofautiana kidogo sana, na unang'aa taratibu. Kamba ya kiwandani ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi ina harufu ya mafuta yaliyotumika kulainisha nyuzi kwenye mashine. Kiondo cha kamba ya kiwandani hakikosi kuwa imara. Ila msusi hakusokota, na asiyesokota hastahili kulipwa kama aliyesokota.

Pitisha upande wa ndani wa mkono wako juu ya ukuta wa kiondo. Mkonge una vinyweleo vinavyochoma; msusi makini huvikata au huvibabua kwa moto. Kama kiondo kinakukwaruza dukani, kitakwaruza nguo zako kila siku.

Viondo vingi siku hizi vina nyuzi za sufu ya dukani au za plastiki. Sufu ina wapenzi wake: ni laini, hushika rangi kali, na wasusi huipenda kwa sababu inaokoa muda wa kusokota. Kasoro huja pale plastiki inapouzwa kwa jina la mkonge. Omba kipande cha uzi kilichobaki, ukichome ncha. Mkonge hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu. Plastiki huyeyuka na kuganda kuwa tone gumu.

Ukuta na nakshi

Weka kidole gumba ukutani, karibu na kitako, uhesabu mistari ya usuki inayoingia katika upana wake. Rudia karibu na mdomo. Hesabu ikilingana, mkono wa msusi haukuchoka. Ikipungua juu, alikuwa anakimbiza oda, na sehemu hiyo ndiyo itakayolegea mikanda ikianza kuvuta.

Sasa nakshi. Kiondo husukwa kwa kuzunguka mfululizo, kwa hiyo mstari wa rangi unaporudi pale ulipoanza hukuta umepanda ngazi moja. Ngazi hiyo haiepukiki, na inawafichua wengi. Zungusha kiondo taratibu hadi uione. Msusi hodari huipanga mahali pamoja, upande mmoja, rangi zikipokezana bila fundo kuonekana. Asiyejua huiacha ikitangatanga, huku mstari wa chini umevunjika mbele na wa juu umevunjika nyuma.

Usichanganye kiondo na vikapu vya sehemu nyingine. Kikapu cha ukili cha pwani hufumwa kwa ukindu au miyaa, ukanda kwa ukanda, kisha kanda zikashonwa pamoja. Hapo unakagua mshono wa kanda. Kile cha milulu cha Iringa kinategemea unyoofu wa majani yenyewe. Agaseke ya Rwanda hujengwa kwa kuzungusha kifungu cha majani na kukishona kwa sindano, mduara juu ya mduara. Kila kimoja kina sheria zake.

Rangi

Lowesha kitambaa cheupe, kisugue juu ya rangi nyekundu na ile nyeusi, kwa kuwa hizo ndizo zinazochuja zaidi. Kisha fungua kiondo ulinganishe ndani na nje. Katika usuki huu uzi wa rangi hupita pande zote mbili, kwa hiyo zote zinapaswa kuwa na rangi ileile. Nje ikiwa imepauka na ndani bado inawaka, kiondo kimetundikwa juani muda mrefu, na kimekwisha kukuonyesha kitakavyokuwa begani mwako.

Mdomo

Mdomo ndio mwisho wa kazi ya msusi na mwanzo wa kazi ya fundi wa ngozi. Ukimalizwa vizuri, nyuzi za wima hukunjwa, zikapishana na kurudishwa ndani ya usuki zisichomoke. Tatizo ni kwamba fundi akishashona ngozi kuzunguka mdomo, huwezi kuona. Wapo wanaokata nyuzi kwa mkasi, wakapaka gundi na kufunika. Shika ukingo kwa vidole viwili uuvute juu huku mkono wa pili umeshika ukuta. Ngozi na usuki vitembee pamoja. Ngozi ikicheza peke yake, kinachoshikilia ni gundi.

Ngozi na mikanda

Hapa sasa unamkagua mbunifu. Swali la kwanza ni uzito unaenda wapi. Mkanda ukishonwa kwenye ngozi ya mdomo tu, mzigo wote unaning'inia kwenye mshono mmoja. Mbunifu anayeelewa chombo hushusha kipande cha ngozi ukutani, nje na ndani, usuki ukabanwa katikati. Tazama na sindano ilipita wapi: ipite kati ya nyuzi, isizitoboe. Uzi wa mkonge uliotobolewa hukatika taratibu, na hutaona mpaka siku mkanda unang'oka na usuki wake.

Mshono wa mkono wa sindano mbili ndio bora kwa mikanda, kwa sababu nyuzi zote mbili hupita katika kila tundu. Mmoja ukikatika, wa pili unashika. Mshono wa cherehani hufungana katikati ya ngozi, na ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka. Ribiti ni msaada mzuri ikiwa imewekewa kipande cha ngozi au kisahani nyuma. Ribiti iliyopigwa moja kwa moja juu ya usuki itapenya siku moja.

Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome, kama ya miwati inayopandwa nyanda za juu za Kenya, ina harufu ya mti, na tone la maji huifanya iwe nyeusi kidogo kabla ya kukauka. Itabadilika rangi kwa kushikwa na itapendeza zaidi. Tazama ukingo wa mkanda: ukiona utando wa rangi juu na kitu kama karatasi iliyosagwa chini yake, hiyo ni mabaki ya ngozi yaliyogandishwa kwa gundi. Itapasuka.

Bitana isikufiche. Ivute uone kama unaweza kuufikia ukuta kwa ndani. Iwe ya pamba nzito, mfuko wake umeshonwa imara kwenye pembe, na zipu ifunguke kwa mkono mmoja.

Jina lililoshonwa nje

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inataka tahadhari katika biashara ya mikoba, kwa sababu chema nacho huhitaji kutembezwa. Kate Spade alikuwa mhariri wa mapambo ya mavazi katika jarida la Mademoiselle, New York, akaona soko halina mkoba wa umbo jepesi usio na makuu. Mwaka 1993 yeye na mwenzi wake, Andy Spade, wakaanzisha kampuni. Usiku wa kuamkia maonyesho ya biashara, aling'oa kilebo kilichokuwa ndani ya mikoba yake na kukishona nje. Kitambaa hicho kidogo kikawa alama iliyotambulika kote Marekani.

Lakini jina ni mali, na mali huuzwa. Kate Spade aliondoka katika kampuni mwaka 2007. Aliporudi sokoni mwaka 2016 alilazimika kutumia jina jingine, Frances Valentine, maana lake lilikuwa la wengine. Kampuni yenye jina lake ndiyo iliyoanza kuuza mikoba ya wanawake wa Masoro, Rwanda, mwaka 2014, yeye akiwa ameshatoka. Alifariki mwaka 2018. Kwa hiyo kilebo hukuambia nani analimiliki jina. Hakikuambii nani amebuni, wala nani ameshona.

Kipimo bora cha mjasiriamali ni usawa wa kazi. Dada wawili wa Rwanda, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, kupitia kampuni yao ya Gahaya Links, waliingiza vikapu katika maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005. Duka la aina hiyo halinunui kikapu kimoja kizuri; linataka vingi vya kipimo kimoja. Basi omba uonyeshwe viondo vitatu vya ukubwa mmoja. Vipange kitako kwa kitako, mdomo kwa mdomo, mikanda ikilala sambamba. Vikilingana, nyuma ya jina hilo kuna mtu anayekagua, anayerudisha kazi mbovu, na anayewalipa wasusi vya kutosha hata wasikimbilie oda ya mwingine.

Bei

Muulize muuzaji nani amesuka. Anayejua atataja Machakos, Kitui, Makueni au kwingine, na kukuambia kikundi kinakutana wapi. Asiyejua atakutajia punguzo. Kiondo cha kadiri, uzi ukiwa wa paja, humchukua msusi wiki kadhaa, kwani husuka kati ya shamba, kisima na jiko. Ukiambiwa bei ambayo haitoshi hata ngozi na zipu, jua kuna mtu hakulipwa, au kiondo hakikusukwa kwa mkono.

Kama muda wako ni mfupi, kagua matatu tu: kitako, mdomo na mahali mkanda unaposhika. Kikifeli hata moja, kirudishe mezani hata nakshi iwe nzuri vipi. Kikipita yote matatu, punguza maneno ya kushusha bei na ulipe. Umeshaona kazi kwa macho yako, na kazi hiyo ina wenyewe.