Kipanya Kisichotembea

Kipanya hiki kinakaa pale pale mezani kama kinu. Juu yake pana mpira wenye kipenyo cha karibu milimita 44. Vidole vinauviringisha, na kishale kinakimbia kwenye skrini huku mkono umetulia. Ukiinamisha sikio utasikia mkwaruzo mwembamba, krr, krr, kama mchanga chini ya ndala. Mkwaruzo huo ndio ulionivuta.

Unatoka kwenye beringi tatu. Mpira umekalia vigurudumu vitatu vya chuma, kila kimoja na ekseli yake fupi. Kigurudumu huzunguka upande mmoja tu: mpira ukielekea upande huo unakwenda wenyewe, ukikata upande mwingine unaburuzika juu yake. Vipanya vingi vya madukani vya aina hii hutumia badala yake vidonge vitatu vigumu visivyozunguka. Hivyo havipigi kelele, ila hushika uchafu, na mpira husita kidogo kabla ya kuanza safari. Kati ya kelele na kusita, fundi huchagua kero atakayoishi nayo. Waundaji wa kipanya hiki, Ploopy, karakana ndogo ya Kanada iliyotoa kipanya chake cha kwanza karibu na mwaka 2020, walichagua kelele. Kisha wakafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: wakatoa michoro yote, kuanzia ganda na bodi ya saketi hadi programu, ili asiyeridhika abadilishe mwenyewe.

Kanada na mpira huu wanajuana tangu zamani. Mwaka 1952 Tom Cranston, Fred Longstaff na Kenyon Taylor walikuwa wakiunda DATAR, mfumo wa kupashana habari za kivita kati ya meli za jeshi la majini la nchi hiyo. Walichukua mpira wa boling ya pini tano, mchezo wa Wakanada wenyewe, wakaulaza juu ya rola, na visahani vikasoma unavyozunguka. Kisanduku cha mbao cha Douglas Engelbart, mzee wa vipanya vyote, kilikuja miaka kumi na zaidi baadaye. Lakini DATAR ilikuwa siri ya jeshi, na mpira ule haukuombewa hataza.

Kutoa michoro kunasikika kama kazi nyepesi: weka faili mahali watu watakapozipata, basi. Mimi hupenda kusoma maelekezo ya kuunganisha vitu hata nisipokusudia kuunganisha chochote, na hapo ndipo nilipoona kazi ilipo. Fundi wa kiwandani anaijua mashine yake. Anayetoa michoro anamchorea mtu asiyemjua, mwenye printa ya 3D asiyoijua, katika chumba ambacho huenda kina joto au upepo wa feni. Plastiki ikipoa husinyaa. Tundu la skrubu likichapwa hutoka dogo kuliko lilivyochorwa. Ganda lenyewe hujengwa tabaka juu ya tabaka, kila moja kama sehemu ya tano ya milimita.

Na ndani ya ganda hilo mna kihisi kisichopenda mzaha. Jina lake ni PMW3360, ndugu wa vile vya vipanya vya wacheza michezo ya kompyuta. Ni kamera ndogo ya nukta 36 kwa 36, inayoweza kupiga picha hadi 12,000 kwa sekunde na kulinganisha kila moja na iliyotangulia ili kujua uso wa mpira umesogea kiasi gani. Lenzi yake inataka uso huo uwe umbali wa milimita 2.4. Ukikaribia mno au ukirudi nyuma mno, kishale kinaanza kuweweseka. Kwa hiyo mchoraji anatafuta mipaka ya aina mbili ndani ya kipande kimoja: hapa ulegevu, mchapaji akosee kidogo bila hasara, pale, beringi zinapokaa na lenzi inapotazama, usahihi wa unywele. Sijui kazi ya mikono inayodai adabu zaidi ya hiyo, kujua mahali pa kumsamehe mwenzio na mahali pa kumbana.

Programu ya ndani ni QMK, iliyokuwapo tayari kwa ajili ya kibodi. Ukitaka kitufe kimoja kigeuze mpira uwe wa kupandisha na kushusha ukurasa, unaandika hivyo. Ukikilaza kipanya ubavu, mstari mmoja unatosha kugeuza juu kuwa pembeni. Lakini katikati ya maandishi hayo yanayosomeka umelala mlolongo wa baiti 4,094 ambao hausomeki: programu ya siri ya kihisi, inayopaswa kupakiwa kila kinapowashwa. Uwazi unafika hapo na kusimama mlangoni pa mwenye kiwanda cha chipu. Nawaheshimu wanaouacha mlolongo huo uonekane ulivyo, bila kuuvisha maneno.

Hata leseni ya kutolea michoro ina ufundi wake. Hakimiliki inalinda mchoro na maandishi ya programu, ila kitu kilichochongwa kutokana na mchoro ni habari nyingine. Ndiyo maana CERN, watafiti wa chembe za atomu kule Geneva, walitoa mwaka 2011 leseni maalumu ya vifaa huria. Siku nzima ya kusoma sheria, na hakuna skrubu hata moja iliyokazwa.

Tukirudi kwenye mkwaruzo, wapo wasioustahimili, hasa usiku nyumba ikiwa kimya. Wamefungua michoro, wakapanua vikao vya beringi, wakaweka vikombe vyenye gololi inayoelea juu ya gololi ndogo ndogo, inayozunguka kila upande. Wameuchapa upya upande wa chini, wakafunga skrubu zile zile, wakaurudisha mpira ule ule mahali pake.