Rada siyo jicho, ni tochi

Ukisoma maelezo ya Kiswahili kuhusu rada, mara nyingi utakutana na msemo kwamba rada ni jicho la nchi. Unavutia na unakaririka haraka, lakini unapotosha. Jicho linapokea mwanga tu, halitoi kitu. Rada inarusha mawimbi ya redio, halafu inasubiri mwangwi.

Mfano bora ni tochi. Umeme ukikatika hapa Ubungo ukawasha tochi uchochoroni, unaona hatua chache mbele yako. Aliyesimama mwisho wa mtaa humwoni, ila yeye ameshakuona. Hesabu yake hii hapa: umbali ukiongezeka mara 2, nguvu ya mawimbi yanayoifikia ndege ya adui inapungua mara 4, lakini nguvu ya mwangwi unaorudi kwenye rada inapungua mara 16.

Hapo ndipo linapoingia kombora la kuwinda rada, kama Shrike, ambalo Marekani ililitumia Vietnam, na mrithi wake HARM. Linarushwa kutoka kwenye ndege na kufuata mawimbi hadi yanakotokea. Jaribu kulieleza hilo kwa mfano wa jicho: utakwama. Kwa tochi, hata mtoto ataelewa kwa nini wenye rada huizima haraka wakishtuka.

Upotoshaji wa pili ni kusema kombora hili halikosi. Tarehe 28 Aprili 1999, wakati wa vita vya Kosovo, HARM lililorushwa na ndege ya NATO lilipiga nyumba Gorna Banya, pembezoni mwa jiji la Sofia, Bulgaria, nchi ambayo haikuwa ikishambuliwa. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Sasa sisi inatuhusu nini? Rada tuliyouziwa na BAE Systems kwa pauni milioni 28 tuliijadili sana, mpaka mwaka 2012 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya vitabu na madawati. Kubishania bei ilikuwa haki yetu. Lakini ukishaita mtambo jicho, unauliza tu unaona mbali kiasi gani. Ukiuita tochi, unauliza pia: ukiwaka, nani mwingine anauona, na nani amejenga jirani nao?

Kwa hiyo, mwalimu au mwandishi mwenzangu, ukieleza rada tena, anza na tochi.