Kidaka, Kanga na Mkasi: Tahakiki ya Mapambo ya Nyumba Kongwe

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hilo lina uzito wa pekee katika mwambao, ambako mlango wenyewe ulikuwa fahari ya mtaa, umechongwa maua na minyororo, na jina la mwenye nyumba likasomeka juu yake. Leo methali hiyo imepatwa na jambo la ajabu. Mtu hufungua, huingia ndani, na humo hukuta milango mingine. Mmoja umelazwa chini ya kioo, umekuwa meza. Wa pili umesimamishwa nyuma ya kitanda, umekuwa kichwa chake. Fremu ya dirisha imetiwa kioo cha kujitazamia. Ndivyo zinavyopambwa nyumba nyingi kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zilizofufuliwa kuwa hoteli au makazi ya wenye nafasi: kwa vitu vya kale vilivyookotwa huku na huko, na kwa kazi za mikono ya mafundi wa leo.

Kazi hiyo ni sanaa, nayo yastahili kuhakikiwa kama sanaa nyingine. Mpambaji hufanana na mfasiri. Hukitoa kitu mahali kilipozaliwa na kukipeleka kwingine, akitumaini kwamba maana itasafiri pamoja nacho. Na mfasiri hupimwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, alijua neno lilikuwa likifanya kazi gani kabla hajalihamisha?

Nyumba kongwe ina sarufi yake. Upana wa chumba haukuchaguliwa kwa jicho. Uliamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo hubeba dari kwa nafasi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba ya Lamu ni virefu na vyembamba, vikifuatana kutoka kiwandani: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, penye faragha. Mpenzi wa utenzi ataielewa upesi nyumba ya namna hii. Mizani imekwisha kuwekwa, na anayekuja kupamba ameukuta ubeti una kipimo. Makochi mapana yakiingizwa msanani, watu hupita ubavu ubavu. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua. Zikisiribwa saruji ili zing'ae, unyevu hunaswa ndani na lipu hubanduka.

Huko ndani ndiko zilikopangwa zidaka, safu juu ya safu, zimefinyangwa kwa chokaa. Ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina, na katika karne ya 19 sahani za rangi kutoka Maastricht, Uholanzi, nazo zilienea katika nyumba za mwambao. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, aliandika kwamba vyombo hivyo havikuwa pambo tupu: viliaminika kukinga husuda katika sehemu ya nyumba iliyokuwa ya wanawake, mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti. Mpambaji wa leo hujenga zidaka mpya kwenye mapokezi ya hoteli na kuzimulika kwa taa za umeme. Kilichowekwa kulizuia jicho sasa kinaliita.

Wasomaji wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, watazikumbuka zidaka za Pate, zilizokuwa na vyombo kisha zikawa makazi ya makinda ya ndege. Baadhi ya wapenda mambo ya kale huusoma utenzi huo kama maombolezo ya fahari iliyopotea, wakajiona wao ndio wanaoirudisha. Usomaji huo una upungufu. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonya usihadaike na ulimwengu, na majumba ya Pate ni ushahidi wake. Anayezijaza zidaka upya ili wapitao wastaajabu amekirejesha kile kile kilichoonywa, na amewaacha nje watu ambao kwa ajili yao nyumba ilikuwa nyumba.

Kosa hili huonekana wazi zaidi katika takia lililoshonwa kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina hilo ni kauli kamili: shukrani, dua, fumbo au kijembe. Anayeikata kanga kwa kipimo cha takia hutafuta ua la kupendeza. Mkasi hupita katikati ya jina, na kwenye takia hubaki nusu ya maneno, kitenzi kisicho na mtenda, kijembe kisichofika kwa mlengwa wake. Mgeni asiyejua Kiswahili haoni hasara. Mwenye lugha, ambaye aghalabu ndiye anayekifagia chumba hicho, kila asubuhi husoma kauli isiyokwisha. Mlango uliofanywa meza nao una habari yake. Baadhi ya milango ya Unguja ina maandishi ya Kiarabu: jina la mwenye nyumba, mwaka wa Hijria, na mingine aya ya Qurani. Jina likilala chali chini ya vikombe vya kahawa, hilo ni dharau kwa marehemu. Ikiwa ni aya, hakuhitajiwi mwanachuoni wa kuueleza ubaya wake.

Hata hivyo, haki ina upande wa pili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na fedha za wageni zimesaidia kuzisimamisha kuta ambazo warithi wake hawakuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Majengo haya hayana subira. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Wachonga nakshi wa Lamu nao wanahitaji wanunuzi, kwani fundi asiye na mnunuzi hapati mwanafunzi. Anayewalaumu wapambaji wote kwa pamoja anawalaumu pia wanaolipa mishahara ya mafundi.

Lawama, basi, ni lazima iwe na mpaka, na mpaka huo upo kati ya kitu cha kale na kazi ya mkono. Vitu vya kale haviongezeki. Mlango mmoja wa zamani ukinunuliwa ili kupamba nyumba hii, nyumba nyingine imebaki na tundu, limezibwa kwa mbao za sanduku. Kazi ya mkono huongezeka kadiri inavyotumiwa. Ukindu hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, na ukili hushonwa upande kwa upande hadi mkeka utimie. Mkeka uliotundikwa ukutani umenunuliwa mara moja tu. Mkeka unaotandikwa, ukaliwa, ukaanikwa juani, siku moja utachakaa, na siku hiyo msusi ataagizwa mwingine. Kiti cha enzi nacho kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Leo huzungushiwa kamba asikae mtu. Kingesukwa upya pale kilipolegea, kikakaliwa, fundi angepata ujira na mgeni angepata heshima yake.

Mpambaji bora huikuta nyumba kongwe na kuviacha vya kale mahali pake, hurudishia chokaa kwa chokaa, na pengo hulijaza kwa kazi mpya iliyotengenezwa na jirani ili itumike. Nyumba kama hizo zipo, ingawa hazivutii sana wapiga picha, kwa sababu vitu vyake havikupangwa kwa ajili yao.

Msomaji atakayealikwa katika nyumba kongwe iliyopambwa na asiharakishe kusifu nakshi. Na akitafute chetezo, akichungulie. Kikiwa na majivu, avue viatu, aketi.