Nara kwa siku moja: kasoro ya programu yenye tunapeana

Bandugu, wale wenye wamepita kwenye mafunzo ya Japani wanaijua karatasi hii. Ni kurasa mbili, haina jina la mwandishi, inapita kutoka simu hadi simu: «Nara kwa siku moja». Kila mwenye kupata nafasi ya kwenda kule, wakubwa wanamutumia mbele hata ya kumuambia abebe nguo gani. Mimi pia nilitumiwa. Niliifuata dakika kwa dakika, siku ya Mungu moja, siku pekee ya mapumziko yenye nilikuwa nayo karibu na Kyoto. Sasa mdogo wetu mmoja wa agronomi anajitayarisha kusafiri na ameniomba nimutumie. Niliisoma tena mbele ya kuituma, nikaona siwezi kuituma hivi hivi. Njo maana naandika.

Kwa wenye hawaujui, Nara ni mji ulio kusini ya Kyoto. Tangu mwaka 710 hadi 784, ukiacha miaka michache katikati, ulikuwa mji mukuu wa Japani, na wakati ule uliitwa Heijo. Mfalme alihama, lakini mahekalu mengi yalibaki. Leo watu wengi wanaenda asubuhi na kurudi jioni, sawa vile karatasi yetu inavyopanga.

Nianze na sifa, juu programu hii haikuandikwa na mjinga. Inasema ondoka mapema, na ni kweli: jumba la Budha Mukubwa la Todai-ji linafunguliwa saa moja na nusu ya asubuhi kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 10, na saa mbili miezi ingine. Mwenye kufika mbele ya mabasi ya watalii anapata kusimama kimya mbele ya sanamu ya shaba yenye urefu wa karibu metre 15. Inasema panda treni ya kampuni ya Kintetsu, usipande ya JR, kwa sababu kituo cha Kintetsu kiko karibu na bustani, dakika tano tu kwa mguu, wakati ile ya JR inakuacha mbali. Ni shauri zuri. Inasema pia usichezee kulungu, ficha karatasi zako, na ukimaliza kuwapa biskuti waonyeshe mikono mitupu. Rafiki yangu hakusikia, kulungu akala ramani yake. Kwa hayo yote, mwandishi asante.

Kasoro ya kwanza iko kwenye hesabu. Programu inataka maeneo saba: Kofuku-ji, bustani ya kulungu, Todai-ji, Kasuga Taisha, mtaa wa zamani wa Naramachi, kisha treni kwenda Horyu-ji, kisha Fushimi Inari wakati wa kurudi Kyoto. Unaondoka saa mbili ya asubuhi, unarudi saa moja ya jioni. Ni saa 11. Nilizihesabu tena na kalamu: treni, kungoja treni na kutembea kati ya mahali na mahali vinakula karibu saa 6. Zinabaki 5 kwa maeneo saba, na chakula ndani. Haifiki hata dakika 45 kwa kila moja. Horyu-ji njo inaumia zaidi. Majengo yake ya mbao ni ya zamani kuliko majengo yote ya mbao yenye yamebaki duniani, na kiingilio chake kinazidi vingine vyote vya siku ile. Unalipa, unazunguka mbio, unatoka ukiangalia saa. Mimi ninachokumbuka Horyu-ji ni mgongo wa mwenzangu mwenye alikuwa anakimbia mbele yangu.

Kuna pia kosa la wazi. Inasema kwamba kutoka Nara utapanda treni ya haraka ya Miyakoji na kushuka Inari. Treni ile siku za kawaida haisimami Inari. Sisi tuliangalia kituo kikipita dirishani, tukacheka, kisha tukaanza kuulizana nani alipanga vile.

Kasoro ya pili ni ya maneno. Kila mahali, programu inasema utaona nini, haisemi kile kitu ni nini. Kwa Inari imeandika: «Milango myekundu maelfu, picha nzuri.» Basi. Ilitumwa kwa vizazi na vizazi vya ma-agronome, na hakuna hata mmoja aliongeza kwamba Inari ni mungu wa mpunga! Watu walipanda kilima kile kuomba mavuno mbele ya kuombea biashara zao. Sisi wenye tulienda Japani kujifunza mpunga tulipita pale sawa watoto kwenye sikukuu.

Kwa kulungu ni vile vile. Imeandika: «Wanyama watakatifu, wapole, wanainamisha kichwa.» Wako zaidi ya 1,000, na tangu 1957 serikali inawalinda kama hazina ya asili ya taifa. Hadithi inasema mungu mmoja wa Kasuga alikuja Nara akipanda kulungu mweupe. Biskuti zao zinatengenezwa na pumba za mpunga na unga, bila sukari, na sehemu ya franga inaenda kwenye kazi ya kuwatunza. Hiyo ni sehemu tamu. Sehemu chungu ni kwamba kulungu hawajui mpaka wa bustani. Wanaingia mashambani. Mwaka 1979, na tena 1981, wakulima walipeleka mashitaka mbele ya hakimu juu ya mazao yenye yaliliwa, na 1985 wakapatana: eneo likagawanywa, sehemu za katikati kulungu analindwa kabisa, sehemu za mbali mkulima naye anasikilizwa. Sisi wa Kivu, wenye tunajua maana ya shamba jirani na mbuga, tungesimama pale na maswali mengi. Lakini programu imetupa dakika 30 na kulungu, na zote ni za picha.

Tena nyuma ya Kasuga kuna msitu wenye hawajakata wala kuwinda tangu amri ya mwaka 841. Ukiuangalia na macho ya fani yetu, utaona kitu kingine: kulungu wanakula miche michanga, na miti yenye hawapendi kula, kama nagi, inazidi kuenea. Msitu umelindwa na shoka miaka zaidi ya 1,100, leo unasumbuliwa na mnyama wa mungu wake mwenyewe. Somo zima la ekolojia linakungojea pale, bila kulipa kitu.

Lakini kasoro yenye ilinifanya niandike iko kwenye mstari mmoja mdogo, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Unasema: «Treni Kyoto–Nara: hakuna kitu cha kuona. Lalani kidogo, mchaji simu.»

Tulilala. Mimi nililala nusu, na simu mkononi nikachukua video fupi dirishani, bila kufikiri. Niliporudi nyumbani, baba mukubwa yangu, mkulima wa mpunga kule Luvungi, aliomba kuona Japani. Nilimuonyesha Budha, kulungu, milango myekundu. Alikuwa anaitika tu, «ndiyo, ndiyo», sawa mtu mwenye kuheshimu mgeni. Ikafika ile video ya treni. Akanishika mkono: «Simamisha hapo. Hii ni nini?» Kulikuwa majani tambarare, mapana sana, hayana nyumba hata moja, na katikati mulango mukubwa mwekundu unasimama peke yake. «Mahali pazuri hivi katikati ya mji, kwa nini hawajengi? Ni shamba ya nani?»

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepita ndani yake, sikujua.

Baadaye nilisoma. Ile ilikuwa jumba la mfalme. Njia ya treni ya Kintetsu, kisha kituo cha Yamato-Saidaiji, inakata katikati ya uwanja wa kasri ya Heijo, karibu kilomita moja kila upande. Mulango ule ni Suzaku, ulijengwa upya 1998. Na jumba kubwa la kiti cha mfalme lilijengwa upya 2010. Mfalme alipohama, nyumba zilibomolewa, wakulima wakaingia, na kwa miaka zaidi ya 1,000 kasri ilikuwa mashamba ya mpunga. Mahali pa kiti cha mfalme palibaki kilima kidogo cha majani tu, na mtaalamu wa majengo Sekino Tadashi alipatambua mwishoni mwa karne ya 19. Kisha mutu mwenye kazi ya kupanda miti, Tanada Kajuro, alitumia maisha yake kuomba pale palindwe. Inasimuliwa kwamba aliumia moyo kuona mavi ya ngombe yamerundikwa juu ya kilima cha mfalme. Mimi agronome namuelewa, ingawa namuelewa pia mkulima: ile ilikuwa mbolea. Tanada alikufa 1921. Mwaka uliofuata, 1922, serikali ikapatangaza mahali pa historia.

Na hapa njo penye fani yetu ingetusaidia kuona kile watalii wengine hawaoni. Juu ya nini vitu vilibaki? Kwa sababu watu walilima mpunga. Kama kasri ingegeuka mtaa, kila kizazi kingechimba misingi na visima, kingeharibu vya chini. Shamba la mpunga linachokoza udongo wa juu tu, halafu linaweka maji. Udongo wenye maji hauna hewa, na bila hewa mbao haiozi haraka. Ni jambo tulilofundishwa mwaka wa pili. Basi 1961 wachimbaji walianza kutoa chini ya udongo ule vibao vyembamba vya mbao vyenye maandishi ya wino. Vingi vilikuwa alama za mizigo ya kodi: mchele, chumvi, samaki, majani ya bahari, pamoja na jina la mahali mzigo ulitoka. Kibao kikitumika, karani alikuwa anakikwangua na kisu na kuandika tena. Hata vile vikwanguo vimepatikana. Hekalu linakuambia namna wakubwa walitaka kukumbukwa. Vibao vinakuambia nani alikuwa anawalisha. Swali la baba mukubwa yangu, «shamba ya nani?», lilikuwa swali la kweli kuliko yote yenye tuliuliza siku ile.

Kuna mwenye atasema: siku moja ni siku moja, mtu anataka kuona Budha. Sawa. Hata Budha ile macho yake yalifunguliwa kwa sherehe mwaka 752, na jumba lake limeungua mara mbili. La leo lilimalizika 1709 na ni dogo kuliko la kwanza. Kichwa cha sanamu ni cha mwishoni mwa karne ya 17. Siombi Todai-ji itoke. Naomba tukubali kwamba ukiwa na siku moja kazi ni kuchagua kile utakosa, na programu yetu imekataa kuchagua. Kwa kuogopa kukosa kitu, imekosesha watu siku nzima.

Kwa hiyo mdogo wangu, hii njo nakutumia. Panda Kintetsu kutoka Kyoto, ile ya kawaida ya haraka, haina malipo ya juu. Shuka Yamato-Saidaiji. Tembea mpaka uwanja wa kasri: kuingia ni bure, na jumba lake la makumbusho ni bure pia, ila siku ya kwanza ya juma linafungwa. Kaa pale saa mbili. Beba maji, kivuli ni kidogo. Toka kwa mulango wa Suzaku, tembea karibu dakika 20 mpaka kituo cha Shin-Omiya, panda treni mpaka Nara. Kula. Nenda Todai-ji bila mbio. Kisha panda ngazi mpaka Nigatsu-do, hekalu dogo mlimani penye mapadri wanafanya ibada ya mwezi wa 3 bila kukosa mwaka tangu 752. Baraza yake ni wazi, hailipishwi. Kaa pale mpaka jua lianguke upande wa magharibi. Chini utaona mji, na mbali upande ule ule penye ulitembea asubuhi.

Horyu-ji utaikosa. Inari utaikosa, isipokuwa ukiamka mbele ya masomo siku ingine, juu kule hakufungwi hata usiku. Itakuuma, na mimi ningeumia. Lakini ukirudi, pita kwanza Luvungi. Kuna mzee pale anangoja jibu, na mimi nilimuambia litakuja.