Fundi Asiyebadilisha Kitu

Kompyuta ya mezani ikikataa kuwaka Eldas, Kaunti ya Wajir, duka la vipuri la kukimbilia liko Wajir mjini. Kipuri kikikosekana huko, ni Garissa, zaidi ya kilomita 300 kuelekea kusini, au Nairobi yenyewe. Umbali huo ndio unaomtenga fundi na mtu wa kubadilisha vipuri tu. Nairobi mtu anaweza kuchomoa pawasaplai na kuchomeka nyingine, ikikataa akabadilisha ramu, hatimaye mashine ikawaka bila yeye kujua ilikuwa na nini. Eldas kila jaribio la namna hiyo lina nauli. Ndiyo maana nasema kwamba uhodari wa fundi wa kompyuta kuukuu uko katika mpangilio wa maswali yake: anaanza na lile lisilogharimu chochote, na anafungua skrubu pale tu macho na masikio yamekwisha kusema yote.

Tuseme mashine inawaka vizuri, lakini kila tovuti inakataliwa kwa onyo kwamba si salama. Mwenyewe anailaumu simu inayomgawia intaneti, ananunua bando jingine, hali ni ile ile. Fundi hutazama pembe ya chini ya skrini, ambako tarehe inasoma mwaka 2005. Vyeti vya usalama vya tovuti vina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kwa mashine inayoamini tuko 2005, cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kazi. Chanzo ni betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mkuu, CR2032 ya volti 3, inayoifanya saa itembee wakati umeme haupo. Kompyuta iliyochomekwa ukutani huiendesha saa hiyo kwa umeme wa soketi hata ikiwa imezimwa, na betri inapumzika. Lakini mji wa Eldas kwa miaka mingi umetegemea kituo chake chenyewe, nje ya gridi ya taifa, na mwenye sola nyumbani huzima kila kitu usiku. Hapo betri ndiyo inayobeba mzigo, na huisha mapema. Dawa yake haifiki bei ya bando.

Monita iliyogeuka manjano nayo huuza monita nyingi mpya bila sababu. Picha ya kebo ya VGA husafiri kwa njia tatu, nyekundu, kijani na buluu. Buluu ikikatika, zinazobaki huchanganyika kuwa manjano. Fundi huchomoa kebo, huitazama pini ya tatu, huinyoosha taratibu kama imepinda, basi. Mashine inayolia milio bila kuonyesha picha mara nyingi inalalamikia ramu, ambayo vumbi na kutu vimeingia kwenye miguu yake. Raba ya penseli hutosha kuisafisha. Na kapasita za mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 zasomeka kwa macho: kichwa kinapaswa kuwa bapa, kikivimba zimekufa. Kasoro hiyo ilienea hata Dell, mwaka 2005, ikatenga dola milioni 300 kwa ajili ya mashine zake zilizoathirika. Joto huzimaliza upesi. Kwa kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu, na Wajir hakuna uhaba wa joto.

Atakayesema huku ni kubahatisha, nimekwisha kumjibu. Mapingamizi mazito ni mawili. Mashine kuukuu haipati tena viraka vya usalama: Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi haziwezi kubeba ile ya baadaye. Kwa hili kuna Linux nyepesi, tena mashine ya kuandikia barua na hesabu za duka haihitaji mtandao. Pingamizi la pili ni la umeme, na sitaki kulipunguza uzito. Prosesa peke yake ya Pentium 4 huweza kula zaidi ya wati 80, wakati laptopu nzima ya leo hufanya kazi kwa chini ya nusu ya hizo. Kwa mwenye paneli moja na betri moja, fundi mwaminifu atasema hii tusiitengeneze. Lakini kauli hiyo pia hutokana na uchunguzi. Anayebadilisha vipuri hana njia ya kuifikia, kwani yeye ana kipuri cha kuuza.

Kuna na mahali ambapo ufundi ni kuacha. Diski inayogonga tk-tk haifai kuwashwa tena ili tuone kama itakubali, kwa kuwa kila kuwashwa huweza kuikwaruza zaidi. Fundi huichomoa, huiacha imezimwa, huzungumza kwanza na mwenyewe kuhusu picha na vyeti vilivyomo, kisha ndipo kuhusu bei.