Mto Uliokaushwa Ukabaki na Mimea Yake

Mwaka 1924 mitambo ya umeme ya Walchensee, kazi ya mhandisi Oskar von Miller, ilianza kuzunguka kusini mwa Bavaria, Ujerumani. Ili kuilisha, mto Isar ulikingwa kwa banio pale Krün na maji yake kugeuzwa kuelekea ziwa Walchensee, ambako huporomoka takriban mita 200 hadi ziwa la Kochel. Chini ya banio, kwa miongo kadhaa, sehemu kubwa ya mwaka palionekana mawe makavu tu.

Kisha, chini zaidi kwenye mto huohuo, likaja bwawa la Sylvenstein, lililokamilika 1959. Kijiji cha zamani cha Fall kilizama. Ajabu ni kwamba bwawa hilo lilikusudiwa kuufaa mto uliokaushwa: kuuongezea maji wakati wa uhaba, na kuzuia mafuriko yasifike Bad Tölz na Munich. Kazi zote mbili linazifanya vizuri. Mimea ndiyo haikuulizwa.

Mafuriko ndiyo jembe la mto wa milimani. Hung'oa vichaka, hutandaza changarawe mpya, huacha tuta hapa na kidimbwi pale. Mirikaria ya Kijerumani, kichaka chenye majani madogo ya kijivu-kijani, haizaliani bila hayo. Mbegu zake husafiri kwa upepo na maji, lakini huishi muda mfupi tu; zisipotua mapema kwenye mchanga au changarawe tupu yenye unyevu, hazioti. Mche nao hauvumilii kivuli: mierebi ikiuzidi kimo, umekwisha.

Sylvenstein ilinasa changarawe na kupunguza kimo cha mafuriko kwa mpigo mmoja. Maji yaliyotoka bila mzigo yakaanza kukwangua sakafu ya mto, ikazama, na matuta ya kando yakabaki juu, makavu. Huko Pupplinger Au, kusini mwa Munich, misonobari ikayatwaa.

Anayehesabu spishi pekee anaweza kudanganyika hapo. Msitu ule ni mzuri kweli, una okidi na maua yapendayo ardhi ya chokaa. Kwa muda, idadi ya spishi huweza hata kupanda, kwa kuwa mimea ya zamani haijaisha na ya msituni imeshaingia. Lakini mirikaria imepungua sana, maana hakuna uwanja mpya wa kuota.

Lakini kati ya Krün na Sylvenstein, kipande kilekile kilichonyang'anywa maji, mirikaria ingalipo kwa wingi. Sababu ni ya kihandisi: banio huchepusha maji ya kawaida, haliwezi kuyameza mafuriko. Furiko kubwa hulipita juu, likakutana na changarawe inayomwagwa na vijito vya pembeni, na kulipindua bonde upya.

Mwaka 1990 sehemu ya maji ilirudishwa hapo, hadi mita za ujazo 4.8 kwa sekunde wakati wa kiangazi. Mto ulipata uhai tena, ila unyevu wa kudumu uliinenepesha mierebi pia, ambayo mizizi yake huifunga changarawe. Mafuriko ya 1999 na 2005 yalisafisha nafasi ambayo ule mtiririko mdogo usingeweza kuisafisha.

Wala si rahisi kumtaka mtu yeyote alibomoe bwawa. Furiko la Agosti 2005, lililoifungulia mirikaria uwanja huko juu, ndilo hilohilo ambalo Sylvenstein ililipunguza nguvu kabla halijafika Munich.